Chakula cha Wasiosimama

Saa saba mchana katikati ya Dar es Salaam, njaa ya ofisini huwa na njia chache za kutokea. Ipo ya mama lishe, mwenye wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki wa kukaanga, ila foleni yake ni ndefu na mabenchi yamejaa. Ipo ya chipsi mayai, inayoshibisha upesi kisha ikamsinzisha mtu mbele ya kompyuta ifikapo saa tisa. Ipo ya soda na maandazi mawili, ambayo kwa kweli ni kuiomba njaa irudi baadaye. Na siku hizi ipo ya mkate na kopo la jodari, linalokaa ndani ya droo ya meza pamoja na chaja ya simu na vidonge vya kichwa, likingoja siku ambayo mwenye droo hatapata nafasi ya kutoka.

Mimi ni mlaji wa hiyo ya mwisho, na siioni kuwa ya aibu. Sandwichi ya jodari huandaliwa ndani ya dakika kumi, haihitaji moto, haina mafuta yaliyokaangia tangu alfajiri, na ikitengenezwa vizuri humfikisha mtu jioni akiwa na nguvu zake. Hata hivyo, nikiifungua na kuitazama kipande kwa kipande, nakuta kwamba karibu kila kilichomo kina historia ya kutotulia. Mkate ulipangwa hivyo kwa ajili ya mtu asiyetaka kuondoka mezani pake. Kopo lilibuniwa kwa ajili ya askari walio safarini. Samaki mwenyewe ni kiumbe asiyeweza kusimama. Na mlaji, mara nyingi, anatafuna huku mkono wa pili ukijibu barua pepe.

Jodari hana budi kuogelea maisha yake yote. Samaki wengi wa miambani, changu akiwa mmoja wao, wanaweza kutulia mahali pamoja wakifungua na kufumba midomo ili maji yapite kwenye matamvua. Jodari hawezi kupumua hivyo. Yeye hufungua mdomo na kusonga mbele, na ni ule mwendo ndio unaomletea maji yenye oksijeni. Akizuiwa kwenda, hukosa pumzi. Usiku na mchana, kwenye kina na juu juu, tangu anapoanguliwa mpaka anaponaswa, anakwenda.

Mwendo huo una gharama, na mwili wake umejengwa kuilipa. Misuli inayofanya kazi bila kikomo huzalisha joto, na kwa samaki wengi joto hilo hupotelea kwenye maji kupitia matamvua. Kwa jodari, mishipa ya damu inayotoka kwenye misuli na ile inayoingia imelazwa sambamba, ikigusana, kiasi kwamba damu ya moto huipasha ile ya baridi kabla joto halijatoroka. Ndiyo maana anaweza kuwinda kwenye maji baridi ya kina kirefu huku misuli yake ikiwa na joto kuliko bahari inayomzunguka. Ndiyo maana pia nyama yake mbichi ni nyekundu, inayokaribia ya ng'ombe: imejaa ile protini inayohifadhi oksijeni kwa ajili ya kazi ndefu. Gramu mia moja za jodari wa kopo aliyechujwa maji zina takriban gramu 25 za protini. Kile tunachokiita chakula chenye afya, kwake kilikuwa ni mashine ya safari.

Mkate nao una safari yake, na mhusika wake alikuwa mtu wa mambo ya bahari. John Montagu, Mwingereza aliyerithi cheo cha ukabaila cha Sandwich, alishika uongozi wa jeshi la majini la nchi yake zaidi ya mara moja katika karne ya 18. Nahodha James Cook alivipa jina la cheo hicho visiwa ambavyo leo tunaviita Hawaii. Inasimuliwa kwamba Montagu alikuwa mcheza kamari sugu ambaye usiku mmoja, kwa kutotaka kuziacha karata, aliagiza nyama katikati ya vipande viwili vya mkate. Mwandishi wa maisha yake mmoja anaona kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alikuwa ameinamia makaratasi ya kazi. Lolote liwalo, mwaka 1762 mwanahistoria Edward Gibbon aliandika katika shajara yake kwamba amewaona wakubwa wa London wakila chakula hicho kwenye klabu yao. Karata au makaratasi, shabaha ilikuwa moja: mlo usimwinue mtu kwenye kiti.

Wakubwa wa London walikataa kuinuka; miongo kadhaa baadaye wakubwa wa Paris walikuwa na tatizo la kinyume: askari walioinuka na kwenda mbali kuliko mikokoteni ya chakula. Serikali ya Ufaransa ikaahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kutunza chakula kisioze. Nicolas Appert, mpishi na mtengeneza vitamutamu, alihangaika kwa miaka mingi akitia nyama, mboga na maziwa kwenye chupa za kioo, akiziziba na kuzichemsha. Mwaka 1810 akapewa faranga 12,000 kwa sharti kwamba achapishe njia yake kwa faida ya wote. Hakujua kwa nini ilifaa. Louis Pasteur, ambaye angekuja kueleza habari za vijidudu, alikuwa hajazaliwa. Mwaka huohuo Peter Durand akasajili hataza huko Uingereza ya kutumia chombo cha bati, na kufikia 1813 kiwanda cha London kilikuwa kikipeleka nyama ya kopo kwa wanajeshi. Kichekesho ni kwamba vifungulio vya makopo vilikuja miaka ya 1850. Kabla ya hapo askari alifungua chakula chake kwa nyundo na tindo.

Jodari aliingia koponi kwa kuchelewa. Mwaka 1903, huko San Pedro katika jimbo la California, sadini waliadimika, na mwenye kiwanda aitwaye Albert Halfhill akabaki na makopo matupu. Akayajaza jodari, samaki ambaye Wamarekani wengi wa wakati huo hawakumthamini. Akampika kwanza kwa mvuke, nyama ikapauka, mafuta yenye harufu kali yakatoka, na wanunuzi wakaambiwa kwamba ladha yake inakaribia ya kuku. Samaki aliyekuwa mwekundu, mwenye damu ya moto na mwendo usioisha, akawa kitu cheupe, kipole, kinachotulia kwenye rafu kwa miaka kadhaa.

Nikifikia hapa, ile haraka ya dakika kumi huanza kubadilika sura. Kila dakika ninayoiokoa jikoni, kuna mtu aliyekwisha kuitumia. Samaki huyo alivuliwa baharini, akagandishwa ndani ya tumbo la meli, akayeyushwa kiwandani na kupikwa kwa mvuke. Kisha watu, wengi wao wanawake, wakamchambua kwa visu vidogo: ngozi, miiba, nyama nyeusi ya kando, vyote kwa mkono, kwa sababu mashine haijafikia ustadi wao. Ndipo akapakiwa, kopo likafungwa na kupikwa mara ya pili kwa joto la karibu nyuzi 120 chini ya shinikizo, ili kuua hata mbegu za vijidudu ambazo maji yanayochemka kwa kawaida hayaziui. Mjini Victoria, Ushelisheli, kipo kiwanda kilichoanza mwaka 1987 ambacho ni miongoni mwa vikubwa duniani kwa kazi hii. Thailand ndiyo inayoongoza kuuza jodari wa kopo nje. Ofisini mimi nafanya kazi ndogo mno: navuta pete ya kifuniko.

Na kuna jambo jingine ambalo mkazi wa Dar es Salaam hawezi kulikwepa. Kutoka ofisi za Posta na Kivukoni mpaka soko la samaki la Feri ni mwendo mfupi wa miguu. Pale jodari hunadiwa asubuhi, mwenye macho angavu na mgongo wa buluu iliyokoza. Sisi tuliokaa kwenye dirisha linalotazama mlango wa bandari ndio tunaofungua kopo lililotoka ng'ambo, pengine likiwa na samaki aliyepita mbele ya pwani hii hii. Wavuvi wetu wengi wana ngalawa, mashua na boti ndogo za injini. Jodari wengi wako mbali, kwenye bahari kuu, ndani ya zile maili 200 ambazo sheria inasema ni zetu na nje yake. Huko huvua meli zenye nyavu za kuzungushia ambazo urefu wake hupita kilomita moja na nusu, na meli za mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana.

Watanzania walifunuliwa macho juu ya hilo mwezi Machi 2009, meli ya kigeni Tawariq 1 ilipokamatwa katika bahari yetu, kwenye doria ya pamoja ya nchi za ukanda huu, ikiwa na karibu tani 300 za samaki, jodari wakiwa wengi. Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi alikuwa John Magufuli, na mitaani shehena ile ikapata jina lake: samaki wa Magufuli. Samaki wakagawiwa taasisi za umma, kesi ikaenda miaka kadhaa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu iliyokuwa imewatia hatiani wahusika. Watu wengi hukumbuka kichekesho cha jina. Mimi hukumbuka ukubwa wa tumbo la meli moja, na kwamba hakuna mvuvi wa Feri ambaye angeliweza kulijaza.

Basi sandwichi yenye afya iwe na afya ya nani? Ya mlaji peke yake, au na ya bahari pia? Mwaka 2015 wanasayansi wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, walitoa tathmini kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata nchi wanachama wakapitisha mipaka ya uvuvi wake. Jodari mdogo mwenye mistari tumboni, anayezaa haraka na kukua upesi, amekuwa katika hali nzuri zaidi. Kopo huficha sura ya samaki, lakini makopo mengi huandika jina la kisayansi kwa herufi ndogo: Thunnus albacares ndiye yule wa mapezi ya njano, Katsuwonus pelamis ndiye yule mdogo. Ukiona kwamba huyo wa pili amevuliwa kwa mshipi na fimbo, mmoja mmoja, kama wafanyavyo Wamaldivi tangu zamani, basi umepata kopo lenye deni dogo zaidi.

Kwa bahati, maslahi ya bahari na ya mwili yanakutana hapo. Samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi na kula wenzao hukusanya zebaki nyingi zaidi nyamani. Mdogo anayeishi miaka michache hukusanya kidogo. Mamlaka ya chakula ya Marekani huwashauri wajawazito kwamba jodari huyu mdogo wa kopo anaweza kuliwa mara mbili au tatu kwa wiki, na yule mweupe wa jamii kubwa mara moja tu. Chumvi pia itazamwe, maana makopo yanatofautiana sana. Ama kuhusu mafuta mazuri ya omega-3, aliyefungwa kwenye maji hupoteza kidogo anapochujwa, kwa kuwa mafuta na maji havichangamani. Aliyefungwa kwenye mafuta huondoka na sehemu yake pale unapoyamwaga.

Sasa tuitengeneze. Mchuje jodari kwa kubonyeza kifuniko mpaka maji yaishe, kwani maji ndiyo adui wa kwanza wa mkate. Mchambue kwa uma, usimponde. Mnofu ubaki unaonekana. Kamulia nusu ya ndimu. Wazungu huweka mayonezi, na pale ndipo sandwichi nyingi zinapogeuka mzigo. Sisi tuna vitu viwili vinavyofanya kazi ileile bila uzito ule: mtindi mzito, vijiko viwili, au robo ya parachichi lililoiva, likisagwa kwa uma ulioshikwa tayari. Kitunguu maji kikatwe chembamba, kisuguliwe kwa chumvi kidogo na kusuuzwa ili ukali upungue, kama tunavyofanya kwa kachumbari. Ongeza tango au karoti iliyokwaruzwa kwa ajili ya mlio wa kutafuna, majani ya giligilani, pilipili manga. Mwenye moyo aongeze pilipili mbichi.

Mkate wa ngano isiyokobolewa ni bora, na ukaukaushe juu ya kikaango kikavu kama jiko lipo. Slesi ipakwe parachichi au ifunikwe jani la saladi kabla ya kujazwa, lizuie unyevu. Nyanya ikatwe na kuwekwa mwisho, wakati wa kula, wala si asubuhi, maana nyanya iliyokaa saa nne katikati ya mkate hugeuza kila kitu kuwa uji. Ukibeba vitu hivi mbalimbali kwenye vikontena vidogo na kopo likiwa bado limefungwa, utahitaji uma, kisu na ndimu tu ofisini.

Kopo lenyewe, nakiri, si lazima. Jikoni kwa watu wa pwani kumekuwa na njia ya haraka zaidi: kiporo. Kipande cha jodari wa Feri kilichochemshwa jana usiku kwa ndimu, kitunguu saumu na chumvi, kikahifadhiwa kwenye friji, asubuhi huchambuka vizuri kuliko wa kopo, na kina ladha ya samaki kwelikweli. Sharti lake ni moja, nalo ni zito: jodari awe amekaa kwenye barafu tangu alipotoka majini. Akiachwa juani, nyama yake hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kugandishwa. Mlaji huvimba uso, huwashwa, kichwa humgonga. Pasipo uhakika wa barafu, kopo ndilo lenye busara. Hata mtu mwenye bahari mlangoni hulazimika kukubali hilo, na ndiyo sababu ninayoisema kila mara nikiulizwa kwa nini nanunua samaki wa ng'ambo.

Linabaki swali la zile dakika. Kama chakula kimetayarishwa kwa kumi badala ya kungoja arobaini kwenye foleni, hizo thelathini zilizobaki ni za nani? Ofisini jibu huwa jepesi: ni za kazi. Mtu hula mbele ya kioo cha kompyuta, na baada ya robo saa hakumbuki kama alikula. Kwa mila ya sinia hilo ni jambo geni. Sinia haliruhusu haraka ya mtu mmoja. Unasubiri mwenzako anawe, unakula upande wako, unasogeza mnofu kwa mgeni, unaacha kula pale mkubwa anapoacha au unamtia moyo aendelee. Sandwichi haina adabu za namna hiyo kwa sababu haikutungwa kwa watu wengi. Ilitungwa kwa mtu mmoja na karata zake.

Lakini kopo lina udhaifu mmoja ambao watengenezaji hawakuukusudia uwe fadhila. Likishafunguliwa halifungiki tena. Kopo la kawaida la gramu 170 hutoa nyama kama gramu 120 baada ya kuchujwa, nayo hiyo inatosha sandwichi mbili nzuri. Kwa joto la Dar es Salaam, kilichobaki hakifai kukaa mezani zaidi ya saa mbili, na siku zinazopita nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Ofisi nyingi hazina friji, na zilizo nayo zina watu wa kukila asubuhi kabla hujafika. Kwa hiyo mwenye kopo ana njia tatu: ale zaidi ya haja yake, atupe samaki aliyezunguka bahari nzima, au amwite mtu wa meza ya jirani.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitetea, na ninaitetea kwa sababu za kiafya kabisa. Wawili wakila kopo moja, kila mmoja anapata protini ya kumtosha na chumvi nusu. Mmoja hukata kitunguu, mwingine hukamua ndimu, na hakuna anayeweza kusema na mwenzake huku akiandika ripoti. Zile dakika thelathini zinapata mwenyewe. Tumelipiwa haraka na samaki, na mabaharia, na wanawake wa visu vidogo. Kuirudisha yote kwa mwajiri ni kuwadhulumu wao na sisi wenyewe. Atakayeandaa kwa dakika kumi, basi ale kwa dakika thelathini, akiwa na mtu.